Tairi Lililopasuka na Ushahidi Wake

Mpendae ni mtaa wa Ng'ambo, katika upande ule wa mji wa Unguja ambao mgeni wa Mji Mkongwe haufiki ila kwa shughuli maalumu. Njia zake zimejaa magari ya abiria, pikipiki na mikokoteni. Na kando ya njia, chini ya mti au mbele ya kibaraza, hukaa mafundi wa pancha na mashine zao za upepo, matairi makuukuu yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine kuwa ndiyo tangazo la kazi yao. Hapo huja, mara kwa mara, dereva mwenye kisa kisichobadilika. Tairi limepasuka. Halikukanyaga msumari, halikuingia shimoni, na meno yake, hebu tazama, yote yapo. Lilikuwa likienda vizuri, kisha likapasuka tu.

Katika kisa hicho chote neno lenye mashaka ni hilo la mwisho. Mwenye kusema "tu" hudai kwamba jambo halikuwa na sababu, au kwamba sababu yake haitafutiki. Wasikilizaji nao hugawanyika. Mmoja husema ni kudra, na kudra haina mpinzani. Wa pili hulaumu mali ya siku hizi, kwamba haina udhati. Wa tatu hungoja dereva aondoke, ndipo aseme kwamba bwana yule hukimbiza mno. Kauli hizo tatu zina upungufu mmoja: hapana hata mmoja kati ya wasemaji aliyeinama akalitazama tairi. Na gari lile lile, kesho asubuhi, litampeleka mzazi hospitali ya Mnazi Mmoja au watoto skuli, likiwa juu ya matairi matatu ambayo pengine yalinunuliwa siku moja, katika duka moja, pamoja na lile lililopasuka.

Kwa hiyo suala la kwa nini tairi limepasuka si suala la fundi peke yake. Ni suala la ushahidi, na mwanafunzi wa historia atalitambua upesi. Tukio limekwisha kupita. Waliokuwapo wanaeleza walichokiona dakika ya mwisho. Na kitu chenyewe kimebaki barabarani, vipande vipande, kikiwa na habari ambazo hapana aliyeuliza. Watu wamejifunza kuzisoma habari hizo polepole, na aghalabu baada ya misiba.

Kiswahili kina neno moja, mpira, kwa utomvu wa mti, kwa kitu cha kuchezea watoto na kwa gurudumu la gari. Kabla gari la kwanza halijafika, Unguja ilikuwa imekwisha kuwa soko la mpira. Katika karne ya 19 utomvu wa mitambaazi ya bara, uliogemwa porini na kuviringwa madonge, ulishushwa forodhani pamoja na pembe na sandarusi, ukapakiwa tena kwenda ng'ambo. Mmoja wa mimea hiyo wataalamu wameuita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyekaa Unguja miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza. Wafanya biashara wa forodhani waliujua mpira kwa harufu na kwa uzito. Hawakujua bado kwamba watu wa mji wao siku moja wangepanda juu yake kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa.

Mpira mbichi ulikuwa na aibu mbili: kwa joto hunata na kulegea, kwa baridi hukakamaa na kukatika. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa kwa moto hupata ukakamavu ulio na ulaini ndani yake. Aliupata mpira lakini hakuupata utajiri, maana alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Mskoti Robert William Thomson alipata hati ya tairi la upepo mwaka 1845, watu wakalisahau. Na John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, akalibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kutoka kwenye kitu hicho cha kumfurahisha mtoto yakatoka mahitaji makubwa ya mpira, na katika Kongo ya Mfalme Leopold mahitaji hayo yalilipwa kwa mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa moto. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walipanda mashamba ya mpira, yakastawi muda mfupi, kisha mwaka 1913 bei ikaanguka kwa wingi wa mpira wa Malaya na Seiloni. Hiyo ni habari nyingine, ndefu na nzito, wala haiwezi kutendewa haki kwa mistari miwili.

Linalohusu hapa ni siri iliyomo katika ugunduzi wa Goodyear. Salfa na moto huunganisha minyororo myembamba ya mpira, ambayo kwanza ilikuwa ikiteleza mmoja juu ya mwingine, ikawa wavu. Lakini kazi hiyo haikomi tairi litokapo kiwandani. Joto huendelea kuufumia wavu vifungo vipya, na oksijeni ya hewa huingia kidogo kidogo ikifunga hapa na kukata pale. Mwaka baada ya mwaka mpira huzidi ugumu na hupungua uwezo wa kunyumbuka. Kwa maneno mengine, tairi huzeeka hata likiwa limetundikwa ukutani. Wakemia wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba kwa kila digrii kumi za joto zinazoongezeka mwendo wa uharibifu wa namna hii karibu huwa maradufu. Katika nchi ambayo mchana wa Februari hupita digrii 30 kivulini, na lami nyeusi ni moto zaidi ya hapo, kanuni hiyo si ya kufundishia darasani tu.

Tairi la leo ni jengo. Kwa ndani kabisa pana utando wa mpira unaozuia upepo usitoke. Juu yake pana mwili wa nyuzi zinazotoka ukingo mmoja hadi wa pili. Juu ya nyuzi, mikanda miwili ya waya za chuma. Na mwisho uso wenye meno unaogusa ardhi. Mpangilio huu wa nyuzi za kukatiza, ambao Michelin waliupatia hati mwaka 1946, umeenea ulimwengu mzima. Lakini jengo lote hilo halibebi gari. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani, na tairi ni mfuko wa kuuzuia upepo usitawanyike. Upepo ukipungua, mzigo haupungui. Huuangukia ubavu wa tairi, nao hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, mara mia kadhaa kwa kila kilomita. Mpira unaokunjwa hutoa joto kama waya unavyopata moto ukipindwa kwa vidole. Ndipo mpira na nyuzi huanza kuachana, kimya kimya, pahala ambapo jicho la dereva halifiki.

Upungufu huo hauna haja ya msumari. Tairi zima hupoteza kama ratili moja ya mkazo kwa kila inchi mraba katika mwezi mmoja, kwa kupenya tu. Asiyepima nusu mwaka amekwisha poteza ratili sita hivi, na tairi bado linaonekana lile lile. Matairi ya zamani yalipopungua upepo yalibonyea yakaonekana. Haya ya sasa ubavu wake huvimba kidogo hata yakiwa sawa, kwa hiyo macho hudanganyika, na ile desturi ya kulipiga tairi teke kisha kutikisa kichwa kwa kuridhika haipimi kitu ila ugumu wa kiatu.

Mfano mkubwa wa hatari ya upepo mdogo haukutokea katika gari, bali katika ndege. Na kwa watu wa Unguja, ambao kila mwaka huwaaga ndugu zao waendao Hija, ni mfano wa karibu. Tarehe 11 Julai 1991 ndege aina ya DC-8, mali ya kampuni ya Kanada iliyokodiwa na Nigeria Airways, iliondoka Jeddah kuwarejesha mahujaji Sokoto. Watu wote 261 walikufa. Waliochunguza walifuatilia msiba huo mpaka kwenye magurudumu. Tairi moja lilikuwa na upepo mdogo, na mafundi walikuwa wakilijua hilo. Walitaka kulijaza, lakini naitrojeni ya kujazia haikupatikana upesi, na ratiba ilikuwa imechelewa, basi ndege ikaruhusiwa. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia yake, tairi lile dhaifu halikupasuka kwanza. Liliegemeza mzigo wake kwa mwenziwe wa mhimili mmoja, na yule mwenziwe, aliyekuwa na upepo wa kutosha, ndiye aliyeelemewa akapata moto na kupasuka. Dhaifu likafuata mara. Gurudumu likaacha kuzunguka, likasuguana na ardhi hadi likawaka, kisha magurudumu yakakunjwa tumboni mwa ndege pamoja na moto wake.

Kisa hiki kinafaa kusomwa tena na kila mwenye gari la mizigo lenye magurudumu pacha nyuma. Tairi lililopasuka huenda si lenye kosa. Mwenye gari hulitupa lile lililoraruka, hununua jingine, na kulifunga pembeni mwa mkosaji aliyebaki salama.

Lakini uchunguzi uliobadilisha kabisa elimu ya jambo hili ni ule wa matairi ya Firestone yaliyofungwa katika gari la Ford liitwalo Explorer, nao una haki ya kuelezwa kwa utulivu, maana ndani yake kila mtu alikuwa na jawabu kabla ya ushahidi kukusanywa.

Gari hilo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1990. Baada ya miaka michache matairi yake ya nyuma yakaanza kuachana: uso wenye meno, pamoja na mkanda wa chuma wa juu, ulibanduka kutoka mkanda wa chini gari likiwa kasini, likayumba na kupinduka. Mara nyingi upepo ulikuwa bado umo ndani wakati uso unabanduka, jambo linaloonyesha kwamba hapakuwa na msumari wala shimo. Kila ajali, peke yake, ilikuwa na maelezo yake. Huyu alikwenda mbio, yule alipakia kupita kiasi, wa tatu hakupima upepo. Kwa miaka kadhaa ajali hizo ziliandikwa katika majalada mbalimbali, katika miji mbalimbali, wala hapana aliyeyaweka majalada pamoja.

Aliyeyaweka pamoja hakuwa mhandisi. Alikuwa mtafiti wa kampuni ya bima ya State Farm, Sam Boyden, ambaye mwaka 1998 alihesabu madai 21 yaliyofanana akapeleka habari kwa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara. Barua yake haikuzaa kitu wakati huo. Mwaka 1999 Ford walianza kubadilisha matairi ya magari yao katika Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, ambako joto lilikuwa limekwisha kulidhihirisha jambo, lakini huko kwao Marekani hawakutangaza. Mwanzoni mwa mwaka 2000 kituo cha televisheni cha Houston kikatoa habari; mwezi wa Mei serikali ikafungua uchunguzi; na tarehe 9 Agosti Firestone wakatangaza kuyarejesha matairi ya aina ambazo kwa jumla zilitengenezwa milioni 14.4, na ambayo kwa makisio milioni 6.5 yalikuwa bado barabarani. Vifo vilivyohesabiwa nchini humo mwishoni vilifika 271.

Ndipo pakazuka mabishano. Ford walisema kosa ni la tairi. Firestone walisema kosa ni la gari, kwamba ni zito, hupinduka upesi, na kwamba Ford wenyewe waliwashauri wenye magari watie ratili 26 tu za upepo, kiasi kisichoacha nafasi ya kupungua. Makampuni hayo mawili, ambayo waanzilishi wake Henry Ford na Harvey Firestone walikuwa marafiki na washirika tangu mwanzo wa karne, yakaachana mwaka 2001 kwa maneno machungu. Kila mmoja alisema kweli sehemu moja, na ugumu wote wa jambo ulikuwa hapo.

Firestone walimwita Sanjay Govindjee, profesa wa Berkeley, atafute chanzo. Aliona kwamba ufa mdogo huzaliwa katika ncha za mikanda ya chuma, pale bega la tairi linapopata joto kuliko mahali pengine, kisha hukua kwa kadiri ya joto la nchi, uchache wa upepo na uzito wa mzigo. Na kwamba matairi yaliyotoka kiwanda kimoja, cha Decatur katika Illinois, yalikuwa na tofauti yake. Serikali nayo, katika taarifa ya Oktoba 2001, ikakubali kwamba ufa huo ulitokana na umbo na utengenezaji wa tairi lenyewe, na kwamba ulihitaji muda kukua. Matairi hayakufa yakiwa mapya. Yalikufa baada ya miaka, hasa kusini, katika majimbo ya joto. Muda na joto, yaani mambo yale yale mawili ambayo Goodyear aliyaacha wazi mlangoni.

Kulibaki swali: kwa nini Decatur? Jawabu lililo la ajabu kuliko yote lilitoka kwa wachumi wawili, Alan Krueger na Alexandre Mas, mwaka 2004. Walizipanga hitilafu kwa kiwanda na kwa tarehe ya kutengenezwa, wakakuta kwamba hazikutawanyika ovyo. Zilizidi katika matairi ya Decatur ya kipindi cha mgogoro wa wafanyakazi. Mwaka 1994 kampuni ilitaka mishahara ya wageni ipunguzwe na zamu ziwe za saa kumi na mbili. Wafanyakazi wakagoma, wakaletwa watu wengine mahali pao, kisha wagomaji wakarudi mwaka 1995 bila ya kupata walichokitaka, wakafanya kazi bega kwa bega na wale waliochukua nafasi zao. Mtu angedhani kwamba matairi mabaya yalifanywa na wale wageni wasiojua kazi. Hesabu haikusema hivyo. Ubaya ulizidi nyakati mbili: mara tu kampuni ilipotangaza masharti yake kabla ya mgomo, na pale makundi mawili yenye kinyongo yalipokuwa chini ya paa moja. Yaani baadhi ya matairi yaliyombandukia mtu barabarani Texas yalikuwa na hasira ya binadamu ndani yake, miaka mitano au sita baada ya hasira hiyo kutulia. Ni mara chache historia ya jamii huonekana kwa macho katika kipande cha mpira.

Uchunguzi ule ulizaa sheria Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, na kutokana na sheria hiyo magari mapya ya huko, kuanzia mwaka 2007, yalilazimishwa kuwa na chombo cha kumwonya dereva upepo ukipungua. Ulizaa pia udadisi juu ya uzee. Taarifa iliyopelekwa kwa Bunge la Marekani mwaka 2007 ilitaja hesabu za kampuni moja kubwa ya bima: majimbo matano ya joto yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wake, lakini yalitoa asilimia 77 ya madai ya matairi, na katika madai hayo asilimia 84 yalihusu matairi yaliyozidi miaka sita. Matairi yaliyokusanywa Phoenix, mji wa jangwani, yalipokatwa na kupimwa, hata yale ya akiba ambayo hayakuwa yakizunguka yalionekana yamezeeka. Kuanzia hapo haikuwezekana tena kusema kwamba tairi huisha kwa kutembea peke yake.

Sasa dereva wa Mpendae na kauli yake kwamba meno yote yapo. Meno ni shahidi wa umbali, si shahidi wa umri. Huko Ulaya gari likipita barabara kuu kila siku, meno huisha kabla ya mpira kuzeeka, na kwa hiyo desturi ya kulitazama tairi kwa meno yake ilifaa. Unguja ni kisiwa kisichozidi kilomita tisini kwa urefu. Gari la nyumbani liendalo Mpendae hadi Darajani na kurudi, na Ijumaa moja moja kwenda shamba, huchukua miaka mingi kuyala meno. Mpira wake hufika mwisho mapema kuliko uso wake. Hapo ndipo mtu huuona mpira uliokwisha kufa ndani akauita mpya, kwa sababu amemsikiliza shahidi mmoja, tena yule asiyekuwapo.

Na umri wenyewe hauanzi dukani. Palikuwa na wakati Afrika Mashariki ikijifanyia matairi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoasisiwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali ya Tanzania na kampuni ya Marekani, kilianza kazi mwaka 1971. Kabla ya mwaka 2010 kilikuwa kimesimama. Kile cha Nairobi kilichoanza kwa jina la Firestone kilifungwa mwaka 2016. Tangu hapo tairi huja kwa meli, baada ya kulala ghalani kwa aliyelifanya, ghalani kwa aliyelinunua na ndani ya kontena juani. Mengine huja yakiwa tayari yamefungwa katika magari yaliyotumika, mengi yao kutoka Japani, au huuzwa peke yake kuwa mitumba. Mwenye kuyauza husema yametumika kidogo. Pengine ni kweli. Yametumika kidogo kwa muda mrefu.

Tarehe ipo. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi tatu D, O na T, pana mfuatano wa herufi na tarakimu unaokwisha kwa tarakimu nne katika duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000. La kabla ya hapo lina tarakimu tatu, na kuliona leo chini ya gari linalotembea ni sababu tosha ya kushuka. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka sita, na wenye kutengeneza matairi wengi huweka mwisho wake miaka kumi. Aghalabu tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na tairi likifungwa kwa kugeuzwa huelekea uvunguni, kwa hiyo mtu asipoziona kwa nje asiseme hazipo.

Baada ya tarehe husomwa majeraha. Tairi lililokwenda na upepo mdogo hula mabega yote mawili na kuacha kati. Ndani yake huwa na mzunguko mweusi uliosagika, na pengine unga wa mpira ukimwagika mtu akilitikisa, maana ubavu umejisaga wenyewe. Lenye upepo wa kupindukia hula kati. Lililogonga ukingo wa shimo huwa na mkato kwa ndani, mara nyingi wa namna ya msalaba, pale liliponaswa kati ya jiwe na ringi, na mkato huo huweza kungoja wiki nyingi kabla haujatoa sauti. Lililobanduka kwa uzee huonyesha mikanda yake ya chuma ikiwa na uso laini uliosuguliwa, ishara kwamba vipande vilikuwa vimeachana na vikicheza kabla ya siku ile. Na palipo na kutu juu ya waya, mtu atafute pancha ya zamani. Kuziba tundu kwa kuchomeka kipande cha mpira kutoka nje, bila ya kulitoa tairi katika ringi na kubandika kiraka kwa ndani, huzuia upepo lakini hakuzuii maji. Na maji yakipata njia hadi kwenye chuma, katika kisiwa chenye masika na vuli na chumvi ya bahari, kazi yao hujulikana kwa kila mwenye bati juu ya nyumba.

Dalili hizi hazikai mbali mbali. Tairi moja huweza kuwa na miaka tisa, pancha isiyozibwa vyema, upepo pungufu kwa ratili nane, na siku ya harusi likabebeshwa watu wanane hadi Makunduchi saa saba mchana. Atakayeuliza ni lipi kati ya hayo lililolipasua ameuliza kama walivyouliza Ford na Firestone, kila mmoja akiwa na hamu ya kupata sababu moja, nayo iwe ya mwenziwe. Sababu zilipangana foleni. Ile safari ya Makunduchi ilikuwa ya mwisho tu kufika, na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho ndiyo iliyoonekana.

Yule aliyesema ni kudra hakukosa kwa imani yake, wala hapana haja ya kumpinga. Amekosa pale alipolifanya neno hilo kuwa kifuniko. Wazee wa mwambao hawakuacha kupima kina cha maji kwa sababu mauti yameandikwa. Walitupa bildi, wakasoma, ndipo wakatawakali.

Kikwazo kikubwa cha kusoma tairi la Mpendae, hata hivyo, ni uhodari wa watu wenyewe wa kutoacha kitu kipotee. Gari likishasukumwa kando na spea kufungwa, spea ambayo pengine ina umri kuliko tairi lililopasuka, maiti ya tairi haikai. Mmoja hulichukua akakata makatambuga. Mwingine huchukua uso wake akatia kwenye ubavu wa mashua ili isigongane na gati. Ubavu hukatwa kamba za kufungia mizigo juu ya magari, na duara lililobaki hupandwa maua mbele ya nyumba, pengine limepakwa chokaa nyeupe. Kufika Alasiri kila kipande kimepata mwenyewe, na katika mojawapo, chini ya kisigino cha mtu au chini ya tabaka la chokaa, zimo zile tarakimu nne.